Bamia, Biringani na Lengalenga: Historia ya Mapishi ya Kigiriki na Bustani Zetu za Gisenyi





Mgiriki akipika wali wa mchuzi huuita pilafi. Sisi tunasema pilau. Akipika bamia huziita bamies, na halua yake ni halvas. Nyama ya kusaga iliyoviringwa anaiita keftes, na sisi tunaijua kofta. Hapa Gisenyi, nyumba nyingi za Waislamu zimekuwa zikiyatumia maneno haya kwa vizazi, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kule Athens mama wa Kigiriki anaitana nayo vilevile na watoto wake jikoni.

Maneno hayafanani kwa bahati tu. Yanafuata njia za biashara, za dola na za watu waliohama. Katika makala hii tunataka kuifuata njia hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanasoma juu ya chakula cha Kigiriki kama kitu cha Wazungu, cha hoteli na cha gharama, wakati sehemu kubwa ya chakula hicho imepita katika mikono ya Waislamu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, tunaishi kwenye udongo wa volkeno unaootesha karibu kila mboga, na bado wapo watoto wetu wanaokosa mboga kwenye sahani.

WARUMI WA KWENYE QUR-ANI NI AKINA NANI?

Tuanze na jina tunalolijua sote. Katika Qur-ani Tukufu imo Suratu Rrum, sura ya 30. Wanafunzi wengi hudhani Warumi hao ni watu wa Roma ya Italia. Ukweli ni kwamba dola iliyotajwa ilikuwa na makao yake Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul, na lugha kuu ya watu wake ilikuwa Kigiriki. Mfalme wao wakati wa Mtume (s.a.w.) alikuwa Heraclius, ambaye Waarabu walimwita Hirqal, aliyetawala kuanzia mwaka 610 hadi 641.

Kwa hiyo Waislamu na Wagiriki wamekuwa majirani tangu karne ya kwanza ya Hijra. Walipigana, ndiyo, lakini pia walinunuliana nafaka, mafuta, vitabu na mbegu. Mafuta ya zeituni yalikuwa ya wote, na sisi tunaujua mti huo kwa kutajwa kwake katika Suratu Nnur na Suratu Ttin.

BIRINGANI LATOKA INDIA

Biringani halikuwepo kwenye meza ya Wagiriki wa zamani. Asili yake ni upande wa India. Wafursi waliliingiza katika bustani zao, Waarabu wakalipokea kutoka kwao, kisha wakalieneza Sham, Misri, Afrika Kaskazini hadi Andalusia. Jina lake la Kiarabu ni badhinjan. Kutoka hapo Wataliano wakapata melanzana, na Wagiriki melitzana. Biringani letu nalo ni la ukoo huo huo wa majina.

Mwaka 825 Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad alimwoa Buran, na harusi yao ikasimuliwa kwa karne nyingi kwa ukubwa wake. Jina la bibi harusi huyo likabaki kwenye mapishi: vyakula vya biringani la kukaanga vikaitwa kwa jina lake. Katika karne ya 10, mwandishi Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu cha mapishi ya Baghdad, na biringani limo humo. Wakati huo hakuna mtu wa Ulaya Kaskazini aliyelijua.

Watu wengi wakisikia "chakula cha Kigiriki" hufikiri kwanza moussaka, yaani matabaka ya biringani, nyama ya kusaga na nyanya. Neno hilo Wagiriki wamelipata kwa Waturuki, nao wamelipata kwa Waarabu, musaqqa'a. Kule Misri na Sham musaqqa'a mara nyingi haina nyama kabisa: ni biringani, nyanya, vitunguu, na pengine dengu nene. Ile sosi nyeupe ya maziwa inayowekwa juu ni jambo la juzi. Mpishi Nikolaos Tselementes, mzaliwa wa kisiwa cha Sifnos, ndiye aliyeieneza katika miaka ya 1920. Alitaka chakula cha nchi yake kifanane na cha Wafaransa, na alidhani vionjo vya Kituruki na Kiarabu vinapaswa kuondolewa. Vitabu vyake viliuzwa mno hata Wagiriki wakaanza kuita kitabu chochote cha mapishi "tselementes". Tunaona basi kwamba aibu ya kula chakula cha wazee haikuanzia kwetu.

NYANYA NI MGENI WA KILA MTU

Nyanya, pilipili hoho, viazi, maharage na boga kubwa la njano asili yake ni Amerika. Kabla ya safari za Wahispania zilizoanza mwaka 1492 hakuna Mgiriki, Mturuki, Mwarabu wala Mnyarwanda aliyezila. Ugiriki yenyewe ilianza kuizoea nyanya katika karne ya 19 tu. Leo mtu hawezi kufikiria saladi ya Kigiriki bila nyanya, kama sisi tusivyoweza kufikiria mchuzi bila nyanya.

Hapa kuna faida ndogo kwa wanafunzi wa Hadithi. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba fundi cherehani alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula, kukaletwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye dubba na nyama kavu, na Anas akamwona Mtume (s.a.w.) akiitafuta dubba pande zote za sahani. Tangu siku hiyo Anas akaipenda. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wengine huitafsiri dubba kuwa boga. Lakini maboga yetu haya yametoka Amerika, na hayakuwepo Madina. Dubba ya wakati ule ilikuwa jamii ya mumunye, mboga ya kale ya Afrika na Asia. Kwa hiyo mama anayepika mumunye changa hapa Rubavu anapika mboga iliyo karibu zaidi na ile.

WAISLAMU WALIOZUNGUMZA KIGIRIKI

Kwa karne nyingi Wagiriki waliishi chini ya Dola ya Uthmania, na katika visiwa kama Krete familia nyingi zilisilimu huku zikiendelea kuzungumza Kigiriki. Mwishoni mwa karne ya 19, machafuko ya Krete yalipozidi, Sultan Abdulhamid wa Pili aliwapa baadhi yao makazi mapya katika pwani ya Syria. Mji huo unaitwa Al-Hamidiyah, na wajukuu wao huko wameendelea kukisema Kigiriki cha Krete ilhali ni Waislamu.

Kisha mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa dini zao. Wakristo zaidi ya milioni moja wa Anatolia walipelekwa Ugiriki, na Waislamu zaidi ya 350,000 wa Ugiriki walipelekwa Uturuki. Wengi hawakuijua lugha ya nchi waliyopelekwa. Waliacha mashamba, makaburi na nyumba, lakini namna ya kupika hawakuiacha. Wakristo wa Izmir walifika Ugiriki na vionjo vyao, na Waislamu wa Krete walifika pwani ya Uturuki na desturi yao ya kula majani ya porini kwa mafuta ya zeituni na limau. Hapa mpakani, ambako watu wengi wanajua maana ya kuvuka na mzigo mmoja kichwani, hilo halihitaji maelezo marefu.

KUTOKA PWANI HADI KIVU

Sasa tugeukie kwetu. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliipita Rwanda kutoka mashariki hadi Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo, akiwa na msafara wa watu wa pwani. Baada yake wakaja askari, makarani na wafanyabiashara, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Msikiti wa Al-Fat'h wa Kigali ulijengwa mwaka 1913. Gisenyi ikawa kituo cha Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoitwaa mwaka 1916. Watu wa pwani walikuja na wali, viungo na majina kama bamia na biringani.

Mboga nyingine zililetwa na wageni wengine. Viazi, ambavyo leo ni uhai wa wilaya za kaskazini, vilifika na Wajerumani. Mapadri waliofungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, hapo juu ya mji, walikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kulima katika nchi hii ya Bugoyi. Kabichi na karoti zikashika udongo kana kwamba zimezaliwa hapa. Hata isambaza tunazokaanga zililetwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa upande mwingine, intoryi, yaani nyanya chungu, ni mwenyeji wa Afrika hii hii, ndugu wa biringani aliyebaki nyumbani.

Wagiriki wenyewe pia walifika. Katika wakati wa Ubelgiji walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa Ruanda-Urundi na Kongo, pamoja na Wahindi na Waarabu. Walikuwa na maduka katika miji ya maziwa haya, Bujumbura, Bukavu na Goma. Mwaka 1973 serikali ya Zaire ilipotaifisha biashara za wageni, wengi wa upande wa Kongo walipoteza mali zao na wakaondoka. Bujumbura kanisa lao la Kiorthodoksi lipo mpaka leo.

LENGALENGA NA NJAA

Katika mboga zote za bustani ya Mgiriki wakati wa kiangazi, moja inatuhusu kuliko nyingine. Inaitwa vlita. Huchemshwa kidogo, huchujwa, hutiwa mafuta, chumvi na limau, huliwa ya vuguvugu au baridi, na katika hoteli za visiwani mtalii huilipia pesa nzuri. Vlita ni mchicha. Ni ile ile jamii ambayo hapa Rwanda tunaiita dodo, na majirani zetu wa Goma lengalenga.

Kwa nini Mgiriki anaitukuza na sisi tunaificha wageni wakija? Si kwamba wao hawakujua shida. Katika majira ya baridi ya 1941 na 1942, chini ya Wajerumani, Ugiriki ilipata njaa kubwa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa njaa na maradhi yake katika miaka ya ukaliaji huo. Waliopona, wengi walipona kwa majani ya porini waliyochuma milimani. Na karibu wakati huo huo, mwaka 1943 na 1944, Rwanda ilikumbwa na njaa ya Ruzagayura, ambayo wazee wetu walitusimulia kwa sauti ya chini. Nchi mbili, njaa mbili, majani yale yale. Wagiriki hatimaye waliyatoa majani hayo kwenye kumbukumbu ya njaa wakayaweka kwenye meza ya heshima. Katika nyumba nyingi tunazozijua hapa kwetu, dodo bado ni chakula cha siku ambayo pesa zimekwisha.

Mwaka 1958 mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake walianza uchunguzi wa nchi saba juu ya chakula na maradhi ya moyo. Wanaume wa Krete, waliokula mboga, maharage, mkate, matunda na mafuta ya zeituni, na nyama mara chache, walikuwa na vifo vichache kabisa vya moyo. Mwaka 2010 UNESCO iliiandikisha desturi hiyo ya ulaji kama urithi wa binadamu, kwa jina la Ugiriki, Italia, Hispania na Morocco, nchi ya Waislamu. Chakula cha maskini wa Krete kikawa cha kupigiwa mfano duniani.

MAMA ANAUZA, MTOTO HALI

Hapa ndipo tunapotaka wazazi wenzetu watusikilize. Kila mpaka unapokuwa wazi, kina mama wa Rubavu huvuka kwenda Goma na mabeseni ya nyanya, karoti, vitunguu na kabichi. Ni kazi ya halali na ya heshima, na karo za shule zimelipwa humo. Lakini mara nyingi beseni zima huenda sokoni na chungu cha nyumbani hubaki na viazi au ugali peke yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2019 na 2020 ulikuta watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka mitano kabla walikuwa 38. Tunashukuru kwa nafuu hiyo, lakini mmoja kati ya watatu, katika nchi ya mvua na udongo kama huu, ni wengi mno.

Hatusemi mboga peke yake itamaliza jambo hilo. Mtoto anahitaji pia maziwa, mayai, isambaza, maji safi na matibabu. Tunasema kwamba akarima k'igikoni, ile bustani ndogo ya jikoni ambayo serikali imeihimiza kwa miaka mingi, haina faida kama majani yake yanachukuliwa kuwa aibu. Na ndilo jambo tunaloweza kujifunza kwa Wagiriki: hawana mboga bora kuliko zetu, ila wanaifanya mboga iwe chakula chenyewe, si rangi ya pembeni ya nyama. Wakristo wao wa Kiorthodoksi hufunga nyama na maziwa siku nyingi za mwaka, na kwa hiyo walilazimika kujua namna ya kuipika mboga ikashibisha.

MAMBO MACHACHE YA KUJARIBU

Sisi hatuna kiangazi cha Ulaya. Tuna impeshyi, miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, ambapo nyanya hupata jua. Gisenyi iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na bustani yenye maji haikauki. Mafuta ya zeituni ni ghali. Tumieni ya alizeti na msijilaumu.

Dodo ya limau: Chemsha majani machanga dakika chache tu, yachuje, yatie mafuta, chumvi, kitunguu saumu kidogo na limau. Yasipondeke.

Biringani na maharage: Kata biringani vipande vya duara, vinyunyizie chumvi, viache nusu saa, vikaushe na uvikaange kwa mafuta machache. Kaanga kitunguu, saumu na nyanya, tia maharage yaliyokwisha kuiva, kisha panga tabaka la biringani na tabaka la mchuzi, na uache vichemke polepole. Hii ni musaqqa'a ya Waarabu kabla ya Tselementes, na haihitaji tanuri.

Nyanya na hoho za kujaza: Zikate kifuniko, zitoe moyo, changanya moyo wa nyanya na mchele, kitunguu, majani ya kotimiri na mafuta. Zijaze nusu na robo, kwani mchele huvimba. Zipange kwenye sufuria, tia maji kidogo, funika na upalie makaa juu ya kifuniko, kama bibi zetu walivyooka mikate. Waturuki huziita dolma, Waarabu mahshi, Wagiriki gemista.

Ikivuguto na tango: Chuja ikivuguto kwenye kitambaa safi usiku kucha kiwe kizito, kisha tia tango lililokunwa, saumu na chumvi.

Baada ya chakula, Mgiriki hukata matunda tu akayaweka katikati ya meza. Sisi tuna ibinyomoro, maracuja, mananasi na maparachichi. Watoto wapewe hayo mahali pa soda.

Tahadhari moja: baadhi ya mapishi ya Kigiriki katika vitabu huwa na mvinyo au nguruwe. Hayo tunayaacha, na chakula hakipungukiwi kitu. Mahali pa mvinyo, limau na nyanya vinatosha.

Ndugu wasomaji, biringani limetoka India, nyanya Amerika, jina la pilau limetoka kwa Wafursi, na mchicha umeota kila mahali Mwenyezi Mungu alipoteremsha mvua. Hakuna taifa linaloweza kusema sahani hii ni yangu peke yangu. Kwa hiyo wanafunzi wasione haya kuuliza nyumbani kwao: bibi alipika nini, na alijifunza kwa nani? Majibu hayo ni historia, na wenye majibu wanapungua kila mwaka.

Na kesho asubuhi, kabla beseni halijaenda sokoni, tuondoe fungu moja la dodo na nyanya nne tuziache nyumbani. Watoto wetu nao ni wateja, na wana haki ya kwanza.